Harufu ya Nyumbani

Tulimwita Nyanzala kwa sababu ya ule mwaka
mtama ulipokauka kuanzia Sikonge hadi Ipole.
Jina la njaa, ili njaa ikiitwa kila siku
ichoke kuitika.

Haikuchoka.

Mwaka wake wa kumi na moja ghala lilijaa,
madumu ishirini na matatu ya asali ya masika,
na mtoto anakula mpaka anakwangua chungu,
anakunywa mtungi, anatoka nje usiku kucha,
na shati la shule linamning'inia
kama limeanikwa kwenye kijiti.
Nyuma ya nyumba, pale alipochuchumaa,
sisimizi walijipanga.
Mimi ni mrina asali. Najua sisimizi hufuata nini.
Sikutaka kujua.

Kisha pumzi yake ikanuka mbula
zilizolala chini ya mti wiki nzima.
Nikambeba. Mwepesi, kama mzinga uliohamwa.

Daktari Kapalata alianza na ufunguo na kitasa.
Nikamwambia, mlango wangu nafunga kwa kamba ya gome.
Akacheka kidogo, akageuza karatasi:
haya, tuseme mzinga.

Damu ni pori lililochanua.
Sukari ni nyuki wanaorudi na mzigo.
Msuli ni mzinga, mafuta ni mzinga,
na insulini ni ile harufu ya nyumbani
inayowaambia walinzi: hawa ni wetu.
Ila yenyewe haiingii. Inabisha hodi ukutani,
na huko ndani kabisa
milango midogo iliyokuwa imelala inaamka,
inapanda, inajipachika ukutani,
sukari ipite.

Milango inayotembea?
Mzinga wa namna hiyo sijauona, nikasema.
Hata mimi, akasema, nimeuona vitabuni tu.

Akaendelea, kalamu ikikwaruza.
Harufu hiyohiyo huwafikia mafundi wa msuli:
jengeni, matofali yamefika,
maharage ya jana yawe nyama ya paja;
nanyi wabomoaji, wekeni nyundo chini.
Huyaambia mafuta: tulieni, msiyeyuke,
bado hatujafika kwenye akiba.
Sasa ndani ya binti yako harufu imekatika.
Nyuki wamejaa nje, wanazunguka, wanamwagika na mkojo,
na ndani wenyeji, wakidhani ni kiangazi,
wanachana masega wayachome kuni.
Msuli unavunjwa. Mafuta yanakimbilia ini,
ini linayapika kuwa tindikali.
Hiyo ndiyo mbula uliyoinusa.

Nikatazama mikono yangu.
Miaka thelathini napanda miti kufuata utamu,
na damu yangu mwenyewe imekufa njaa
huku utamu umeifika shingoni.

Siku hizi kichupa kinakaa
ndani ya chungu kidogo, ndani ya chungu kikubwa,
mchanga mbichi katikati, kitambaa cha maji juu.
Hatuna friji. Mama yake humwagia maji
asubuhi na alasiri, kama anayekuza mche.
Nyanzala anafinya ngozi ya tumbo, anahesabu, anachoma,
hasemi kitu. Mimi ndiye ninayefumba macho.

Usiku mmoja aliamka anatetemeka, jasho tele,
harufu imezidi, pori limekauka ghafla.
Baba, alisema, asali.
Nikachovya kijiko gizani, mikono ikigonga dumu,
akalamba, akakaa, akalamba tena.
Hivyo tumejifunza: kitu kilekile,
kipimo tu ndicho kinachokibadilisha jina.

Juzi kifungo cha shati kilikatika kifuani.
Mama yake alitaka kukishona palepale.
Nikamwomba angoje kwanza,
nikakizungusha kiganjani muda mrefu,
kitu kidogo cheupe, chenye matundu manne,
kilichoshindwa kumzuia mtu asinenepe.